Mitumbwi ya Katoto na Bonde la Upemba

Atakayeandika tarehe ya wavuvi wa Katoto hatapata hata kipande cha mtumbwi wao wa kale. Mti ukilala kwenye tope lenye joto huoza. Ule mtumbwi wa Dufuna, nchini Nigeria, wenye umri wa miaka ipatayo 8,000, ulipona kwa bahati ya udongo ulioufunika hadi ukafukuliwa. Mto Lualaba haukutuwekea akiba ya namna hiyo. Umetuachia chuma, shaba na vyungu, na kwa hivyo mtumbwi inatupasa tuutafute kwa alama zake.

Katoto iko kandokando ya Lualaba, upande wa juu wa bonde la Upemba, katika jimbo la Haut-Lomami, nchini Kongo, ambalo makao yake ni Kamina. Bahari iko mbali mno. Lakini mto ukishapita makorongo ya Nzilo na kufika Bukama hutulia, ukatandaa, ukalisha makumi ya maziwa, makubwa yakiwa Upemba na Kisale. Masika yakikolea, nchi yote hugeuka maji na mafunjo. Asiye na mtumbwi huko hana njia.

Mwaka 1957 mwakiolojia Jacques Nenquin, na mwaka uliofuata Jean Hiernaux, walichimba makaburi ya Sanga, kwenye Ziwa Kisale. Mwaka 1959 Hiernaux na wenzake wakachimba Katoto. Pierre de Maret akarudi Sanga mwaka 1974, kisha akafungua makaburi mengine ya bonde hilo. Waliyoyakuta yaliwashangaza wengi waliodhani Afrika ya ndani haina historia ndefu: watu waliozikwa kwa heshima kubwa kati ya karne ya 8 na ya 13 hivi, wakiwa na mapambo ya shaba, vyungu vya ustadi mkubwa, ndoana na vyusa vya chuma. Zilikuwamo pia kauri za Bahari ya Hindi, zilizopita mikono mingi hadi kufika huko.

Kwangu mimi, ushahidi mzito kuliko wote ni mbabula, yaani jiko. Kwenye makaburi ya Kisale zilipatikana mbabula ndogo za udongo, zenye pembe tatu za kutegemezea chungu, za kubebeka. Wavuvi wa maziwa haya wameendelea kutumia mbabula za namna hiyo kupikia ndani ya mtumbwi, maana mvuvi aliyelala majini siku kadhaa hana nchi kavu ya kupangia mafiga. Aliyezikwa na mbabula yake alikuwa na chombo cha kuiweka. Tena vyungu vya mtindo wa Katoto vimeonekana katika makaburi ya Sanga, zaidi ya kilomita mia moja kwa kufuata mto. Sioni vilifikaje huko kama si kwa mtumbwi.

Masimulizi ya Waluba, wenyeji wa nchi hii, nayo yanaupa mtumbwi uzito wa kifalme. Kalala Ilunga, mwasisi wa ufalme wao, alipomkimbia mjomba wake, mfalme Nkongolo, alivuka Lualaba na kuwaagiza wavushaji wasimvushe adui yake. Nkongolo akabaki ng'ambo na jeshi lake lote. Mwenye mtumbwi ndiye aliyeamua nani atawale.

Msafiri Mwingereza Verney Lovett Cameron alifika Kilemba, makao ya Mulopwe, yaani mfalme wa Waluba, Kasongo Kalombo, mwaka 1874, akamkuta huko Juma Merikani, mfanyabiashara aliyetoka upande wa pwani. Aliliona ziwa la Mohrya lenye nyumba zilizosimamishwa juu ya nguzo majini, wenyewe wakienda na kurudi kwa mitumbwi. Kisale aliitamani, asifike.

Reli kutoka Lubumbashi ilifika Bukama mwaka 1918, na mambo yakabadilika. Migodi ya upande wa Lubumbashi ilitaka kulisha wafanyakazi wengi, na samaki mkavu anasafiri vizuri. Kambare na perege waliokaushwa juu ya moshi, waliokuwa chakula cha kijiji na ushuru wa chifu, wakawa mzigo wa gari moshi. Meli zilishuka kutoka Bukama hadi Kabalo na Kongolo, lakini meli haiingii kwenye mafunjo. Samaki walivuliwa kwa mtumbwi, wakaletwa hadi gatini kwa mtumbwi.

Na mtumbwi wenyewe? Hutafutwa mti mmoja mnene usio na ufa, huangushwa mbali na maji, huchongwa huko huko kwa shoka na tezo upungue uzito, kisha watu wakaitwa kuuvuta. Hiyo ni kazi ya ukoo mzima na majirani. Kwenye maji mafupi mvuvi husimama nyuma akisukuma kwa pondo. Kwenye kina hushika kafi. Upepo ukisogeza visiwa vya mafunjo vinavyoelea Kisale, njia ya jana huwa imeziba leo. Visiwa vya namna hiyo bondeni vimebeba kambi za wavuvi, na katika vita vya miaka ya 2000 vilibeba hata wakimbizi.

Sasa miti minene imekuwa adimu karibu na maji, na mbao zilizounganishwa kwa misumari zinachukua nafasi yake. Hilo silililii, chombo hubadilika. Ninacholilia ni nyavu za macho madogo, hata vyandarua, zinazokomba vifaranga vya samaki kabla havijazaa, na kupotea kwa maarifa ya wachongaji ambao hakuna aliyewaandika. Waakiolojia wametufundisha mengi juu ya wafu wa Katoto. Wachongaji wako hai, na Chuo Kikuu cha Kamina kiko kwenye reli ile ile inayopita Bukama. Wanafunzi wa historia na washuke huko na daftari zao, waulize majina ya miti, wapime vyombo, wakae na wazee wakati wazee wapo.