Je, Luther Alioa kwa Mapenzi? Ndoa ya Mwaka 1525 na Desturi za Jamii Yake

Katika mafundisho ya uchumba husikika mara nyingi kwamba ndoa ya Kikristo hujengwa juu ya mapenzi ya wawili wenyewe, na ndoa ya kimila juu ya mapatano ya koo na mahari. Usemi huo huwapendeza vijana na kuwaudhi wazee; sisi hatuoni kwamba historia ya Kanisa letu inauunga mkono. Tunakusudia kuupima kwa mfano ambao kila Mlutheri anaufahamu, yaani ndoa ya Martin Luther na Katharina von Bora, iliyofungwa Wittenberg tarehe 13 Juni 1525.

Katharina alizaliwa katika ukoo wa kikabaila uliofilisika, akapelekwa utawani angali mtoto. Wakati wa Pasaka ya mwaka 1523 alitoroka katika nyumba ya watawa ya Nimbschen pamoja na wenzake kadhaa, wakisaidiwa na Leonhard Koppe, mfanyabiashara wa Torgau. Hatuna budi kuielewa hali yao. Katika jamii ile mwanamke aliishi chini ya baba, mume au abesi. Aliyewakosa wote watatu hakuwa na mahali. Kwa hiyo Luther, aliyewashauri kutoka, alijikuta akiifanya kazi ya mshenga, akiwatafutia waume mmoja baada ya mwingine.

Katharina alimpenda kijana mmoja, Hieronymus Baumgartner, mwana wa jamaa yenye cheo huko Nuremberg, naye kijana alionekana kumpenda. Kijana akarudi kwao, na kimya kikafuata. Oktoba 1524 Luther alimwandikia kumhimiza afanye haraka ikiwa bado anamtaka Käthe wake, lakini posa haikuja. Jamaa ya namna ile haikuwa tayari kumpokea mtawa mtoro asiye na mali. Basi mapenzi yalikuwepo. Kilichokosekana ni kibali cha jamii, na mapenzi peke yake hayakufua dafu.

Ndipo alipoletewa Kaspar Glatz, mchungaji. Alimkataa, akamwambia Nikolaus von Amsdorf kwamba angekuwa radhi kuolewa na yeye Amsdorf au na Luther mwenyewe. Jambo hili lastahili kuzingatiwa: mwanamke asiye na kitu aliikataa posa. Luther naye, akiwa na umri wa miaka 41 na bibi arusi 26, alitoa sababu zake waziwazi: kumridhisha baba yake aliyetamani wajukuu, na kuyathibitisha kwa tendo yale aliyokuwa akiyafundisha. Kwa Amsdorf alikiri kwamba hakuwa akiwaka kwa mapenzi, ingawa alimthamini mkewe.

Mapokeo ya sheria za Kanisa la Magharibi yalikuwa yameshikilia tangu zamani kwamba ridhaa ya wawili yatosha kuifanya ndoa, hata wakiahidiana faraghani. Tungedhani Mwanamatengenezo angeifurahia kanuni hiyo. Kinyume chake, aliipinga maisha yake yote. Katika kijitabu cha mwaka 1524 alifundisha kwamba wazazi wasiwalazimishe watoto wao kuoana wala kuwazuia, na kwamba watoto nao wasichumbiane bila ridhaa ya wazazi. Mwaka 1544 alikuwa bado akiwashutumu wanasheria wa Wittenberg waliozitambua ahadi za siri.

Upendo uliokuja baadaye haukuwa mdogo. Katharina aliiendesha nyumba kubwa iliyojaa wanafunzi, akipika pombe, akilima na kufuga; Luther alimwita kwa mzaha "Bwana Käthe". Walipata watoto 6 na kuwazika wawili, na barua za mzee huyo zina utani na shauku ambayo hatuioni mwaka 1525. Mfuatano huu haukuwa mgeni katika Maandiko: Isaka alimwoa Rebeka kwanza, kisha akampenda (Mwa. 24:67). Yakobo, kwa upande wake, alimpenda Raheli kabla (Mwa. 29), na bado alifanya kazi miaka 14 kwa baba yake. Biblia yaziweka njia zote mbili bila kuilaumu mojawapo.

Wazo kwamba mapenzi ya moyoni hutangulia na ndiyo msingi wa ndoa lilienea Ulaya hasa katika karne ya 18 na ya 19, wakati vijana walipopata mishahara mijini mbali na mashamba ya baba zao, na riwaya zikawafundisha namna ya kupenda. Wamisionari wa Leipzig waliofika Kilimanjaro mwaka 1893 walikuwa watoto wa Ulaya hiyo. Si wote walioiamini: Bruno Gutmann, wa Old Moshi, aliuona ukoo, ujirani na rika kuwa vifungo alivyoviweka Mungu, ingawa kwa maoni yetu alivisifu kupita kiasi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nchini Tanzania yataka ridhaa ya hiari ya wote wawili, wala haibatilishi ndoa kwa sababu mahari haikulipwa.

Basi mchungaji anapowapokea binti na wazazi wasioelewana juu ya mchumba, asimwambie binti kwamba moyo wake ndio Injili, wala asiwape wazazi fimbo ya mila. Glatz alikataliwa, na hakuna aliyemlazimisha Katharina.

Mwaka 1542 Luther aliandika wosia akimfanya mkewe mrithi na mlezi wa watoto, kinyume cha desturi ya Saksonia iliyomweka mjane chini ya wasimamizi wanaume. Alipofariki Februari 1546, Mtawala Mteule aliuthibitisha wosia huo. Hata hivyo watoto waliwekewa wasimamizi. Katika miezi hiyo Katharina alimwandikia shemeji yake kwamba hawezi kula, wala kunywa, wala kulala.