Vipuri, Sheria na Maarifa: Ufufuaji wa Trekta Kuukuu la Petroli kama Suala la Kihistoria

Ikisiri

Makala haya yanachunguza kwa nini baadhi ya matrekta ya petroli yaliyotengenezwa zaidi ya miaka 70 iliyopita bado yanaweza kufufuliwa na kurudishwa shambani, ilhali mitambo mingine yenye nguvu zaidi iliishia kuwa chuma chakavu katika muda mfupi. Kwa kulinganisha trekta la Fordson, sheria ya Nebraska ya mwaka 1919, trekta la Ferguson TE20 na Mpango wa Karanga wa Tanganyika, makala yanadai kwamba uwezekano wa kutengenezwa si sifa ya chuma peke yake. Ni zao la mambo matatu: jinsi mtambo ulivyosanifiwa, masharti aliyowekewa muuzaji, na maarifa aliyopewa mtumiaji.

1.0 Utangulizi

Historia ya trekta imezoeleka kuandikwa kama historia ya uvumbuzi. Masimulizi huanza na John Froelich wa Iowa, Marekani, ambaye mwaka 1892 alifunga injini ya petroli juu ya fremu yenye magurudumu na kupata chombo kilichoweza kwenda mbele na kurudi nyuma kwa nguvu zake chenyewe. Kisha hupitia viwanda vya Henry Ford na kufikia mashine kubwa za leo. Upungufu wa masimulizi ya namna hii ni kwamba huishia mlangoni mwa kiwanda. Trekta likishauzwa, mwanahistoria huliacha.

Kwa mkulima, hapo ndipo historia inapoanza. Trekta hutengenezwa mara moja, lakini hurekebishwa mara nyingi, na idadi ya mara hizo ndiyo huamua kama fedha iliyolinunua imezaa au imepotea. Kwa hiyo swali linaloongoza makala haya si nani aliyevumbua trekta, bali ni nini kilichofanya trekta lililokufa liweze kufufuka, na nani aliyekuwa na uwezo wa kulifufua.

2.0 Trekta kuukuu kama waraka

Kabla ya kuingia katika matukio, inafaa kueleza kazi yenyewe, kwa kuwa ndani yake mna ushahidi wa kihistoria. Fundi anayekabidhiwa trekta la petroli lililolala bandani kwa miaka mingi hutafuta mambo matatu: mgandamizo ndani ya silinda, cheche kwenye plagi, na mafuta safi katika kabureta. Yote matatu yakipatikana kwa wakati wake, injini haina budi kuwaka. Moja likikosekana, hata betri mpya haitasaidia kitu.

Kazi huanza kwa subira. Injini iliyoganda kwa kutu hailazimishwi. Plagi hufunguliwa, mafuta mepesi ya kulainishia humiminwa ndani ya silinda na kuachwa siku kadhaa, ndipo injini huzungushwa kwa mkono, taratibu, mbele na nyuma. Anayeivuta kwa gari lingine ili izunguke kwa nguvu anaweza kuvunja ringi za pistoni au kupinda vali, na hapo tatizo la kutu hugeuka kuwa tatizo la vipuri. Baadaye tangi husafishwa, maana petroli iliyokaa muda mrefu huacha utando wa gundi unaoziba vitundu vyembamba vya kabureta. Ncha za kukatia umeme katika mfumo wa cheche hupigwa msasa laini, kwa kuwa ukungu wa kutu usioonekana vizuri kwa macho hutosha kuzuia cheche.

Kila hatua kati ya hizi humwonyesha fundi uamuzi uliofanywa kiwandani miongo mingi kabla yake. Je, silinda iliyolika inaweza kutolewa na kubadilishwa, au lazima injini nzima ipelekwe kuchongwa? Je, nati zinahitaji spana moja au kumi? Je, vipuri vilivyotumika humo vilitumika pia katika magari mengine? Majibu hayamo katika risala za wanasiasa, bali katika chuma chenyewe. Ni kwa maana hii trekta kuukuu linaweza kusomwa kama waraka.

3.0 Fordson: wingi uliotangulia huduma

Fordson Model F lilianza kuzalishwa mwaka 1917, na shehena zake za mwanzo zilielekezwa Uingereza, ambako Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imepunguza wanaume na farasi mashambani. Lilikuwa trekta dogo, jepesi na la bei nafuu. Mwaka 1922 bei yake nchini Marekani ilishuka hadi dola 395. Hadi uzalishaji wake ulipositishwa Marekani mwaka 1928, zaidi ya matrekta 700,000 yalikuwa yametoka kiwandani.

Wingi huo ulikuwa na sura mbili. Kwa upande mmoja, ulifanya vipuri vyake visambae na ujuzi wake uenee vijijini, hasa kwa kuwa mfumo wake wa cheche ulifanana na ule wa gari la Model T ambalo wakulima wengi walikuwa tayari wamelizoea. Kwa upande mwingine, kuliwasha asubuhi ya baridi kulikuwa adhabu. Lilitegemea hendeli ya kuzungushwa kwa mkono, na umeme wa cheche ulizalishwa na magineto iliyomo ndani ya gurudumu la injini. Mzunguko ukiwa wa polepole, cheche huwa dhaifu. Mkulima aliyekosa mkono wenye nguvu alikosa pia cheche. Mafuta yake ya kawaida yalikuwa mafuta ya taa, na petroli ilitumika kuwashia tu hadi injini ipate moto. Hivyo aliyelimiliki alilazimika kuwa fundi, apende asipende. Ujuzi huo haukutolewa na shule. Ulizaliwa na usumbufu.

4.0 Nebraska, 1919: ukarabati unapoingia katika sheria

Katika miaka hiyohiyo soko la Marekani lilifurika matrekta ya kila aina, mengine yakiuzwa na kampuni zilizodumu msimu mmoja au miwili. Wilmot Crozier, mkulima wa Nebraska, alinunua trekta kutoka kampuni ya Minneapolis iliyotumia jina la Ford ingawa haikuwa na uhusiano na Henry Ford. Trekta hilo halikumfaa. Crozier alipoingia katika bunge la jimbo lake, aliligeuza hasara hiyo kuwa hoja ya umma, na mwaka 1919 Nebraska ikapitisha sheria ya upimaji wa matrekta.

Sheria hiyo hukumbukwa zaidi kwa sharti lake la kwanza: kila aina ya trekta ipimwe na Chuo Kikuu cha Nebraska, na nguvu yake halisi ilinganishwe na ile inayotangazwa. Trekta la kwanza kukamilisha upimaji huo lilikuwa Waterloo Boy Model N, mwaka 1920. Hata hivyo, kwa mada yetu sharti jingine lina uzito zaidi. Muuzaji alitakiwa kuwa na kituo cha huduma ndani ya jimbo, chenye akiba kamili ya vipuri, mahali ambapo mteja angeweza kufikishiwa mahitaji yake kwa muda unaostahiki.

Sharti hilo lilibadilisha maana ya mauzo. Kabla yake, muuzaji alikuwa ametimiza wajibu wake pale alipopokea fedha. Baada yake, wajibu uliendelea kadiri trekta lilivyoendelea kuwa shambani. Sheria ilikiri jambo ambalo mkulima alilijua siku zote: trekta lisilo na vipuri ni deni lenye magurudumu.

5.0 Ferguson TE20: ukarabati unapoingia katika usanifu

Hatua ya tatu ilikuwa kuutia ukarabati ndani ya usanifu wenyewe. Harry Ferguson, mzaliwa wa County Down, Ireland, anajulikana kwa mfumo wake wa kuunganisha plau na trekta kwa nukta tatu na kuliinua kwa nguvu ya mafuta yenye shinikizo. Trekta lake la TE20 lilianza kuzalishwa mwaka 1946 katika kiwanda cha Banner Lane, Coventry, chini ya Standard Motor Company. Kufikia mwaka 1956 zaidi ya matrekta 500,000 yalikuwa yametengenezwa.

Matrekta ya mwanzo yalitumia injini ya Continental kutoka Marekani. Tangu mwaka 1947 injini ya petroli ya Standard ilianza kuchukua nafasi yake, na injini hiyo inastahili kuangaliwa kwa makini. Kuta za silinda zake ni mabomba yanayoweza kuchomolewa, yakizungukwa na maji ya kupoozea. Bomba likilika au likitobolewa na kutu, fundi hulitoa na kuweka jipya bila kuchonga mwili wa injini. Zaidi ya hayo, injini za jamii hiyohiyo zilitumika katika gari la Standard Vanguard na katika magari ya Triumph TR2. Kwa hiyo trekta lilirithi soko la vipuri lililokuwa kubwa kuliko soko la matrekta.

Hata spana yake ilifikiriwa. Trekta liliuzwa pamoja na spana iliyofaa nati nyingi za trekta na zana zake, na iliyotiwa alama za inchi ili mkulima aitumie pia kupimia marekebisho ya plau. Ferguson aliendesha vilevile mafunzo ya utumiaji na utunzaji wa zana zake huko Stoneleigh Abbey, karibu na Coventry. Kwa maneno mengine, vipuri, zana na maarifa viliuzwa kama kitu kimoja. Ndiyo sababu leo fundi anaweza kulitoa TE20 bandani, kulisafisha kwa utaratibu uliotajwa katika sehemu ya pili, na kulisikia likiunguruma tena.

6.0 Kongwa: mitambo isiyo na karakana

Iwapo TE20 linaonyesha matokeo ya kukutana kwa mambo hayo matatu, Mpango wa Karanga wa Tanganyika unaonyesha gharama ya kukosekana kwake, katika miaka ileile. Mwaka 1946 ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ulipendekeza kufyekwa kwa zaidi ya ekari milioni 3 za kulimia karanga katika Afrika Mashariki na ya Kati, sehemu kubwa ikiwa Tanganyika, ili kupunguza uhaba wa mafuta ya kula nchini Uingereza. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947.

Matrekta mapya hayakupatikana kwa urahisi baada ya vita, kwa hiyo mitambo mingi ilinunuliwa ikiwa kuukuu, ikiwemo masalio ya jeshi la Marekani yaliyokuwa Ufilipino. Sehemu kubwa ya mitambo hiyo ilikuwa matrekta mazito ya minyororo, si matrekta madogo ya shambani kama Ferguson. Lakini swali la ukarabati lilikuwa lilelile. Mingi ilifika ikiwa na kutu na upungufu wa vipuri. Vifaa vilipaswa kupita bandari ya Dar es Salaam iliyoelemewa na mizigo, kisha Reli ya Kati. Mnamo Septemba 1947 mgomo ulioanzia kwa wafanyakazi wa bandari ulienea hadi Kongwa kwenyewe, ishara kwamba kazi ya watu ilikuwa imekadiriwa kwa pupa ileile iliyotumika kukadiria kazi ya mashine. Udongo wa Kongwa nao hukauka na kuwa mgumu kama sakafu wakati wa kiangazi, na chembe zake hula chuma cha plau.

Matokeo yanajulikana. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000; zilizopandwa zilikuwa kiasi cha 7,500. Mpango ulisitishwa mwaka 1951 baada ya kugharimu takribani pauni milioni 36. Waandishi wengi wametaja uchache wa mvua na haraka ya wanasiasa, na hawakukosea. Makala haya yanaongeza kwamba kulikuwa na kosa la mpangilio: matrekta yalitangulia, karakana ikafuata, na mafunzo ya madereva na mafundi yakawa ya mwisho. Penye utaratibu huo, kila trekta linaloletwa huongeza idadi ya matrekta mabovu.

7.0 Hitimisho

Ulinganisho huu unaonyesha kwamba trekta haliwi kuukuu kwa sababu ya umri wake pekee. Trekta la petroli la mwaka 1948 linaweza kuwa hai leo, na lililofika Kongwa mwaka 1947 liliweza kuwa limekufa tayari. Tofauti iliamuliwa na msanifu aliyefikiria mkono wa fundi, mtunga sheria aliyefikiria hasara ya mkulima, na mwalimu aliyefikiria kwamba mtumiaji anaweza kuelewa.

Suala hili halijapitwa na wakati. Matrekta ya sasa huongozwa na programu za kompyuta, na mwenye trekta anaweza kuwa na spana, kipuri na ujuzi, lakini akazuiwa na ufunguo wa kidijitali alionao mtengenezaji peke yake. Mwaka 2023 jimbo la Colorado lilipitisha sheria ya kuwapa wakulima haki ya kupata vipuri, miongozo na programu za kurekebishia zana zao, nayo ikaanza kutumika Januari 2024. Sheria hiyo imeelezwa kuwa mpya, lakini kwa yeyote aliyeifuata historia hii, inaendeleza hoja ya Crozier ya mwaka 1919. Nchi zinazoagiza matrekta kutoka nje, Tanzania ikiwemo, zina sababu ya kuisoma historia hii kabla ya kusaini mikataba ya ununuzi. Swali la kwanza lisiwe trekta lina nguvu za farasi wangapi. Liwe hili: likizimika katikati ya msimu, nani ataruhusiwa kulifungua, na kipuri chake kitatoka wapi?