Ulevi wa Usukani na Mlezi wa Kesi

Pikapu ya miraa inayopita Kianjai, kaunti ya Meru, ikitoka Maua haina muda wa kupoteza, na haraka yake ina sababu ya kikemia. Kathinoni, ile dawa iliyomo kwenye tawi bichi na inayompa mtafunaji uchangamfu, huanza kuharibika tangu tawi linapokatwa. Ndiyo maana bunda hufungwa kwa majani ya mgomba na kukimbizwa Nairobi kabla siku mbili hazijaisha. Dereva naye hutafuna huku akikanyaga mafuta, usingizi usije ukamshika. Sasa tuseme askari wa trafiki amelisimamisha gari baada ya kuliona likiyumba upande huu na upande ule. Dereva macho yamemtoka, maneno yanamtoka kama maji ya mfereji, leseni anaitafuta mfuko ule ule mara tatu. Anapuliza kipimapumzi cha Alcoblow, kinasoma sufuri. Je, mtu huyu ni mlevi?

Kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, kinaruhusu jibu la ndiyo. Hakimtaji mnywaji wa pombe peke yake. Kinamlenga yeyote anayeendesha, au anayejaribu kuendesha, hali kinywaji au dawa imemwingia kiasi cha kumfanya asiweze kulimudu gari ipasavyo. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Uzito wa kosa umewekwa kwenye kushindwa kulimudu gari. Kilichomfanya dereva ashindwe kinafuata nyuma.

Wanasheria wanaotumia Kiingereza wana istilahi ya kosa hili inayotokana na neno la kupungukiwa: dereva ambaye uwezo wake umepunguzwa, iwe na bia, bhangi, dawa ya kikohozi au kitu kingine. Wafasiri wetu wamehangaika nayo. Nimekutana na “kuendesha kwa uwezo uliopungua”, ambayo inamfaa pia mzee mwenye mtoto wa jicho. Nimekutana na “kuendesha chini ya ushawishi wa pombe”, na hiyo ndiyo inayoniudhi zaidi, kwa kuwa ushawishi ni kazi ya mwanasiasa au ya mposaji. Chang’aa haimshawishi mtu, inamwangusha.

Kiswahili hakikuwa na haja ya kuhangaika hivyo. Kulewa hakukuanzia chupani. Abiria wa jahazi hulevywa na bahari kabla hajaonja chochote. Mtu hulewa usingizi, hulewa madaraka, hulewa sifa, na mti unaopigwa na upepo hulewalewa. Kiini cha neno ni kukosa mizani. Tena lugha imekwisha kuamua jambo hili siku nyingi: heroini, kokeni na bhangi tunaziita dawa za kulevya, na hakuna anayedhani kwamba zinauzwa kwa glasi. Kwa hiyo napendekeza ulevi wa usukani. Usukani ulikuwa wa chombo cha baharini kabla haujawa wa gari, na leo ni wa bodaboda vilevile. Ukishika usukani hali umelewa, kwa kilevi chochote, umeingia humo.

Pingamizi moja nalikubali. Mkazi wa Tigania, iliko Kianjai, ukimwambia mlevi, anamwona mtu wa baa. Miraa kwake ni shamba, ni karo ya watoto, ni zao linalotambuliwa kisheria tangu Sheria ya Mazao ya 2013 ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2016. Ukimwita mtafunaji mlevi, umegusa siasa. Mei 2024 magavana wa Pwani, Mombasa ikitangulia, walipopiga marufuku muguka, aina ya miraa inayolimwa Mbeere, kesi ilifika hadi Mahakama Kuu ya Embu, na agizo la Mombasa likasimamishwa. Lakini istilahi ya sheria haitukani zao. Anayetafuna akiwa barazani kwake hana ulevi wa usukani, hata kama hajalala tangu juzi. Isitoshe, hatari ya miraa barabarani haiko kwenye ule uchangamfu peke yake. Handasi, yaani uchangamfu huo, ikiisha, usingizi uliokuwa umezuiwa hurudi kwa mkupuo mmoja, na mara nyingi humkuta dereva kwenye barabara iliyonyooka.

Kulitaja kosa ni kazi nyepesi. Kulithibitisha ndiko kunakoleta habari ya fedha.

Kanuni za kipimapumzi za mwaka 2011 ziliweka viwango: mikrogramu 35 za alkoholi katika mililita 100 za pumzi, miligramu 80 katika mililita 100 za damu, miligramu 107 katika mililita 100 za mkojo. Madereva wakazoea kwamba namba ya Alcoblow ndiyo kesi yenyewe. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ikasema kanuni zilikuwa zimeipita Sheria ya Trafiki iliyozizaa, na kwamba mshtakiwa arudishwe kwenye kifungu cha 44, yaani upande wa mashtaka uoneshe kuwa alishindwa kulimudu gari. Wengi waliisoma hukumu hiyo kama ushindi wa wanywaji. Mimi naona iliuhamisha mzigo kutoka kwenye mashine na kuuweka kwenye kalamu ya askari na kwenye kichwa cha mwendesha mashtaka.

Tazama kinachotakiwa. Askari aandike aliona nini kabla ya kusimamisha gari: liliyumba, lilivuka mstari, lilikwenda usiku bila taa. Aandike dereva alishukaje, alijibuje, alinuka nini. Kama amepuliza, mashine iwe imekaguliwa, na kama alikuwa ametoka tu kumeza funda la mwisho, asubiriwe kama dakika 15, kwa kuwa pombe iliyobaki mdomoni hupandisha namba kuliko ile iliyomo mwilini. Kama damu imetolewa, saa iandikwe. Mwili hupunguza pombe katika damu kwa kiasi cha miligramu 15 hadi 20 kwa kila saa katika mililita 100. Dereva aliyekamatwa akiwa na 120, akacheleweshwa saa tatu akitafutiwa daktari, anaweza kupimwa akakutwa na 70, na wakili wake akasimama akisema mteja wangu alikuwa chini ya kiwango. Mwendesha mashtaka asiyejua hesabu hiyo atakaa chini. Anayeijua atamwita mtaalamu aieleze, na jambo hilo linataka mtaalamu awepo. Sampuli hupelekwa kwa Mkemia wa Serikali, ambaye maabara zake ziko Nairobi, Mombasa na Kisumu. Meru haimo.

Sasa ingia katika mahakama ya hakimu siku ya kawaida. Kabla ya Katiba ya 2010, aliyekuwa akiongoza mashtaka katika mahakama nyingi za chini ni inspekta wa polisi, ambaye wazee bado humwita prosekyuta. Ibara ya 157 ilimpa kazi hiyo Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, na mawakili wa ofisi yake wakachukua nafasi ya polisi hatua kwa hatua. Hayo yalikuwa maendeleo. Lakini wakili huyo bado huchukua orodha ya siku kama ilivyo: mbuzi aliyeibwa, mume aliyempiga mke, lita 40 za chang’aa, na hapo katikati dereva aliyelewa. Kesi ikitajwa mwezi huu inashikwa na huyu, mwezi ujao na mwingine, na siku ya kusikizwa na wa tatu ambaye amelifungua faili asubuhi hiyo. Askari aliyekamata amehamishwa na barua ya kumwita haijamfika. Kesi inaahirishwa, inaahirishwa tena, halafu inaondolewa. Mshtakiwa asiye na wakili huwa amekiri siku ya kwanza na kulipa faini, kwa hiyo anayenufaika na ulegevu huu ni yule mwenye pesa za kungoja.

Marekani wana jina la dawa ya ugonjwa huu. Kwa tafsiri ya sisisi ni “mashtaka ya wima”: mwendesha mashtaka mmoja hulipokea faili tangu siku ya kukamatwa na kulifuata hadi hukumu. Wima haimwambii Mswahili kitu, anafikiri watu wamesimama. “Mashtaka ya mkono mmoja” inaleta picha ya kilema. Mimi nasema mlezi wa kesi. Chama kina mlezi, timu ina mlezi, na kila mtu anajua kwamba mlezi ni yule anayeulizwa mambo yakiharibika. Hapo ndipo ilipo maana ya utaratibu wenyewe, yaani kuwe na mtu wa kuulizwa. Neno “maalumu”, linalotumiwa sana kwa waendesha mashtaka wa namna hii, linaeleza tu kwamba amepangiwa kazi. “Mbobezi” lingeeleza kwamba anaijua kazi. Mlezi anaimiliki kesi.

Na mlezi analipwa na nani? Kule Marekani fedha zinatoka katika serikali kuu. Sheria ya Usalama wa Barabara Kuu ya 1966, kwa kifungu chake cha 402, hupeleka ruzuku katika majimbo, ikisimamiwa na idara ya taifa ya usalama barabarani, NHTSA. California, kwa mfano, ina Ofisi ya Usalama wa Trafiki ambayo huzigawa fedha za aina hiyo kwa waendesha mashtaka wa wilaya ili waweke walezi wa kesi za ulevi. Majimbo mengi yana pia mwendesha mashtaka ambaye kazi yake ni kufundisha wenzake na polisi namna ya kuandaa ushahidi huu. Ruzuku ina kasoro yake. Huombwa upya, na mwombaji hutakiwa kuonesha idadi ya kesi alizoshika. Mwendesha mashtaka ambaye mshahara wake unategemea wingi wa walevi hatakosa kuwaona walevi.

Hapa tafsiri inaweza kupotosha tena. “Ufadhili wa umma” ukitamkwa Kianjai, watu watatazamia harambee, kama ile ya bili ya hospitali, kwa maana mfadhili kwetu ni mtu wa hisani. Kinachozungumzwa ni fungu: fedha zilizotengwa na bunge, zenye jina, ambazo mkaguzi anaweza kuziulizia. Tanzania neno hilo limekwisha kukaa katika vitabu vya bajeti, na Ofisi ya Taifa ya Mashtaka ina namba yake, Fungu 35. Ndani ya fungu la ofisi nzima ndimo linamotakiwa fungu dogo la kesi hizi.

Kenya faini za mahakama huingia katika mfuko mkuu wa taifa. Haziendi kwa aliyeipigania kesi, na ni vizuri zisiende, kwa sababu hiyo hiyo niliyoisema juu ya ruzuku ya Marekani. Ila haiingii akilini mahakama ikusanye faini za trafiki huku ofisi ya mashtaka ikikosa nauli ya shahidi. Mamlaka ya Usalama Barabarani, NTSA, ilihesabu vifo 4,748 barabarani mwaka 2024. Mwaka uliofuata wizara ilileta rasimu ya kanuni mpya za ulevi zinazotaka madereva wa magari ya abiria na ya biashara wawe na pombe sufuri. Kanuni kali huzaa kesi nyingi, na kwenye meza ya mjadala palikuwa na viwango zaidi kuliko bajeti ya kuzibeba kesi hizo.

Kwa mahakama ya Tigania fungu hilo lisingekuwa kubwa. Mshahara wa mlezi mmoja anayezunguka kati ya Tigania, Maua na Meru. Nauli na posho ya askari aliyehamishiwa Garissa au Kitui arudi kutoa ushahidi. Malipo ya daktari anayekubali kuamshwa saa nane za usiku kutoa damu, kabla saa hazijaila namba. Siku mbili za mafunzo kwa askari wa barabara ya Meru hadi Maua, wajifunze kuandika walichokiona badala ya “alikuwa mlevi”, maneno mawili ambayo mawakili wa utetezi huyapenda kuliko yote.