Kielekeza njia cha gari

Kielekeza njia ni chombo kinachomwonyesha dereva mahali alipo kwenye ramani na njia ya kufuata. Kipo kilichojengewa ndani ya dashibodi, na kipo cha kubebeka, kinachobandikwa kwenye kioo cha mbele. Honda ilitoa cha kujengewa huko Japani mwaka 1981, kabla ya GPS, mfumo wa setilaiti wa kutambua mahali, kuingia magarini.

Tarasaa, katika eneo bunge la Garsen, Kaunti ya Tana River, udhaifu wa kile cha kujengewa huonekana mara tu gari linapowashwa. Magari mengi ya Kenya yametumika kwanza Japani: ramani iliyomo ni ya huko, na sauti inazungumza Kijapani. Skrini hubaki kuwa redio tu. Cha kubebeka huwekewa ramani ya Kenya, huhamishwa kutoka gari hadi gari, na hufanya kazi bila intaneti, kwa kuwa mawimbi ya setilaiti hayategemei minara ya simu.

Hata hivyo, ramani iliyohifadhiwa haijui mafuriko. Novemba 2023 maji yaliikata barabara ya Garsen–Lamu. Msimu wa mvua, uliza kwanza hali ya barabara mjini Minjila.