Agizo la ustahilifu wa kuruka

Agizo la ustahilifu wa kuruka ni amri ya kisheria inayotolewa na mamlaka ya anga pale kasoro inapogunduliwa katika aina fulani ya ndege, na kasoro hiyo ikaonekana inaweza kujitokeza katika ndege nyingine za aina hiyo. Amri hutaja ndege zinazohusika, kazi ya kufanywa na muda wa mwisho, ambao huhesabiwa kwa siku, kwa saa za kuruka au kwa idadi ya safari.

Tuchukue Airbus A320 na ndugu zake, A319 ikiwamo. Chini ya sakafu, upande wa mbele, ina rafu ya vifaa ambayo mafundi huiita 80VU. Imebeba kompyuta za kuongozea ndege, mawasiliano na urambazaji. Vishikizo vya chini vya rafu hiyo vilikutwa vimeharibika katika baadhi ya ndege, na mamlaka ya usalama wa anga ya Umoja wa Ulaya ikaagiza vikaguliwe, ukaguzi urudiwe kila baada ya muda uliowekwa, na vilivyoharibika vitengenezwe. Fundi wa magari hapa Bonga, kwenye barabara kuu ya Dodoma kwenda Arusha, hahitaji kuelezwa sababu: betri nzima haisaidii kitu breketi yake ikikatika. Rafu ikichomoka ndege ikiwa kwenye mtikisiko mkubwa, rubani anaweza kupoteza mifumo kadhaa kwa mpigo.

Jambo hili halituhusu kwa mbali. Shirika la ndege la Fastjet lilipoanza safari zake nchini tarehe 29 Novemba 2012, kati ya Dar es Salaam, Kilimanjaro na Mwanza, lilitumia A319. Kwa Kiambatisho cha 8 cha Mkataba wa Chicago wa 1944 kuhusu usafiri wa anga wa kimataifa, nchi iliyosanifu ndege hutoa taarifa, na nchi iliyoisajili huhakikisha kazi inafanyika. Kwa ndege zenye usajili wa 5H, yaani wa Tanzania, jukumu hilo ni la Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania.

Nimechagua “ustahilifu” badala ya “usalama” kwa kuwa usalama unagusa pia marubani, hali ya hewa na viwanja. Ustahilifu ni hali ya ndege yenyewe: imejengwa kama ilivyoidhinishwa, na imetunzwa ibaki hivyo. Cheti cha siku ya kwanza hakitoshi. Ustahilifu unalindwa kila siku ya maisha ya ndege.

Tusilichanganye agizo na waraka wa kiufundi wa mtengenezaji. Waraka hushauri. Agizo hulazimisha, na mara nyingi huufanya waraka huohuo kuwa sheria. Muda ukipita kazi haijafanywa, ndege hairuhusiwi kupaa.

Kwa hiyo, ndugu wahariri na watangazaji, msiandike kwamba mashirika “yameshauriwa” kukagua ndege zao. Andikeni yameagizwa. Abiria ana haki ya kujua kwamba ukaguzi huo si hiari ya mtu.