Unajijazia Risasi Mwenyewe? Sawa, Lakini Fataki Iko kwa Nani?

Kuna ugomvi kwenye mchezo wa kulenga shabaha kwa bastola ambao haujaisha tangu wazee wetu wawe vijana. Upande mmoja kuna wanaosema: nunua risasi za kiwanda, fungua boksi, piga, nenda nyumbani. Upande wa pili wanasema mshindani wa ukweli hujijazia mwenyewe. Anaokota maganda yaliyotumika, anayasafisha, anaweka fataki mpya, baruti mpya na kichwa kipya, halafu anarudi uwanjani.

Ukiwasikiliza, utadhani ni mambo ya pesa. Wa kiwanda anaonekana mvivu mwenye doo, wa kujijazia anaonekana fundi mwenye akili. Mimi niliacha chuo, historia nasoma kwa vitabu vya mitumba na bando la usiku, kwa hivyo stori ya msee aliyejifunza kitu mwenyewe bila kuuliza mtu huwa inanishika haraka. Lakini hii nimeifuatilia hadi nyuma, na naona swali la maana si bei. Swali ni nani anaamua kipimo.

Tuanze na neno lenyewe. Kwa Kiswahili, risasi ni ile inayotoka kwenye bunduki, lakini pia ni madini, ile metali laini nzito ya kijivu. Lugha yetu inakumbuka wakati risasi ilikuwa kipande tu cha madini. Mwenye gobori alibeba vitu vyake kando kando: baruti hapa, risasi pale, na kama bunduki yake ilikuwa ya kisasa kidogo, fataki kwa kimfuko. Kila mtu alikuwa anajijazia. Hakukuwa na njia nyingine.

Kisha karne ya 19 ikaleta ganda la shaba nyeupe, lenye kila kitu ndani: fataki nyuma, baruti katikati, kichwa mbele. Mvua hailowanishi, kujaza ni sekunde. Lakini angalia kilichotokea kimyakimya. Kazi iliyokuwa mikononi mwa mpigaji ilihamia kiwandani.

Wakoloni waliielewa hiyo haraka sana. Mwaka 1890, kule Brussels, mataifa makubwa yalitia sahihi mkataba uliobana uingizaji wa silaha Afrika, kutoka nyuzi 20 kaskazini hadi nyuzi 22 kusini mwa ikweta. Sisi tuko katikati kabisa. Mkataba wenyewe ulikuwa wa kupinga biashara ya watumwa, na hilo lilikuwa janga la kweli. Lakini soma ulichoacha mlango wazi: bunduki za gumegume zisizo na mifereji ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara, zingeweza kuruhusiwa. Bunduki za kisasa na risasi zake za ganda ndizo zilizowekewa kufuli. Yaani Mwafrika angeweza kubaki na bunduki ambayo anajijazia mwenyewe. Ile inayotegemea kiwanda ilikuwa ya wenye kiwanda.

Shikilia hapo, tutarudi.

Sasa twende Marekani, kwa sababu ugomvi wetu ulizaliwa huko. Karne hiyohiyo, wawindaji wa nyati walikuwa mbali na maduka, na ganda ndilo sehemu ya risasi inayobaki nzima baada ya kupiga. Kulitupa ilikuwa ujinga. Kampuni zikaanza kuwauzia vifaa vidogo vya mkono vya kujaza maganda upya.

Hapa kuna kichekesho cha historia. Kuna aina mbili kuu za fataki, zote za miaka ya 1860. Moja ilibuniwa na Edward Boxer, afisa Mwingereza. Nyingine na Hiram Berdan, Mmarekani. Ya Boxer hufanya ganda liwe na tundu moja katikati, kwa hivyo unasukuma pini moja, fataki ya zamani inatoka. Ya Berdan hufanya ganda liwe na matundu mawili madogo pembeni, na kuitoa ni taabu tupu. Kumbe Wamarekani wakaichukua ya Mwingereza, na sehemu kubwa ya Ulaya ikaichukua ya Mmarekani. Tundu moja tu, lakini ndilo lililofanya kujijazia kuwe mchezo wa gereji Marekani na kero kwingineko.

Mchezo wenyewe nao. Kwa miaka mingi, mashindano mengi ya bastola yalikuwa ya kusimama wima, mkono mmoja. Mwisho wa miaka ya 1950, kule Big Bear Lake, California, Jeff Cooper, mwanajeshi mstaafu wa Marine, na wenzake wakaanza mashindano ya kasi. Naibu sherifu mmoja aitwaye Jack Weaver akaanza kushika bastola kwa mikono miwili huku akitumia vilengeo, na akawa anawashinda. Wakamuiga.

Mwaka 1976, huko Columbia, Missouri, wakaunda IPSC, chombo cha kimataifa cha mchezo huo, Cooper akiwa rais wa kwanza. Kauli mbiu yao ni maneno matatu ya Kilatini: usahihi, nguvu, kasi.

Hilo neno la katikati ndilo lilileta kila kitu.

Cooper alikuwa muumini wa bastola nzito ya .45. Hakutaka mtu aje na risasi laini isiyorusha mkono, apige haraka, aibebe zawadi. Kwa hivyo nguvu ikawekewa kipimo. Mwanzoni walitumia pendulamu, chuma kinachoning'inia: unakipiga, wanaangalia kimeyumba kiasi gani. Baadaye zikaja mashine za kupima kasi, na hesabu ikawa hii: uzito wa kichwa kwa greni, mara kasi yake kwa futi kwa sekunde, gawanya kwa 1,000. Greni moja ni kama gramu 0.065, kitu kidogo sana.

Jibu likiwa juu, wewe ni Meja. Likiwa chini kidogo, wewe ni Maina. Si Maina wa plot yenu, tulia. Kwa sheria za Marekani za leo, Maina inaanzia 125 na Meja inaanzia 165. Zamani Meja ilikuwa juu zaidi.

Tofauti iko kwa alama. Ukipiga katikati ya shabaha, wote mnapata 5. Ukikosa kidogo, Meja anapata 4 na Maina 3. Ukikosa zaidi, Meja 2, Maina 1. Halafu alama zinagawanywa kwa muda. Kwa mtu anayekimbia huku akipiga, hizo pointi moja moja ndizo zinaamua nani anapanda jukwaani.

Fanya hesabu na mimi. Risasi ya kawaida ya kiwanda ya .45 ina kichwa cha greni 230 na kasi ya karibu futi 830. Zidisha, gawanya: 190.9. Meja inataka 165 tu. Hizo 25 za ziada hazikupi hata alama moja. Zinakupa teke mkononi, bastola inaruka, unachelewa risasi ya pili. Sasa chukua 9mm ya kiwanda, greni 115 kwa futi 1,150: 132.25. Hiyo ni Maina, haijakaribia.

Unaona shida? Kiwanda kilikuwa hakitengenezei mchezo huu. Kilikuwa kinatengenezea polisi, wanajeshi na watu wa kujilinda. Moja ilizidi mno, nyingine ilipungua. Aliyetaka kukaa juu kidogo tu ya mstari, tuseme 168 au 170, alikuwa na njia moja: ajijazie.

Kwa hivyo wale mafundi wa gereji hawakuzaliwa na ubahili. Walizaliwa na sheria. Na soko likawafuata. Huko Arizona, Mike Dillon akaanza kuuza mashine za nyumbani ambazo kila ukivuta mkono, risasi moja nzima inatoka. Mamia kwa saa. Ghafla mtu wa kawaida akawa na kiwanda kidogo mezani.

Halafu wakaisukuma mbali. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, vijana wawili wa Arizona, Rob Leatham na Brian Enos, wakaja na .38 Super, risasi ya tangu 1929. Ni nyembamba kuliko .45, kwa hivyo zinaingia nyingi kwa magazini. Pia ina gesi nyingi, na ukifunga kifaa mbele ya mtutu, gesi hiyo inasukuma bastola ibaki chini. Leatham akawa bingwa wa dunia 1983. Shida ni kwamba ili .38 Super ifike Meja, ilibidi ijazwe kwa shinikizo kubwa kuliko la kawaida. Kwa bastola za wakati huo, sehemu ya nyuma ya ganda haikuwa imeshikiliwa yote na chuma. Maganda mengine yakapasuka, gesi ikamrudia mpigaji. Wakaibandika jina la mzaha, kwamba umepata sura ya Super. Si mzaha ukiwa wewe.

Ndiyo maana sitakubali mtu aniuzie kujijazia kama uhuru mtamu bila kusema bei yake. Kiwandani kuna mashine na watu wa kupima shinikizo. Gerejini uko peke yako. Ukisahau baruti, fataki peke yake inaweza kusukuma kichwa kikwame ndani ya mtutu, na risasi inayofuata ikikikuta hapo, bastola inaweza kupasuka. Ukiweka baruti mara mbili, ni mbaya zaidi. Na siku ya mashindano wanachukua risasi zako, wanapima kasi, wanavunja moja wapime kichwa. Ukidai Meja ukashindwa, unashushwa Maina. Ukikosa hata 125, unaweza kuendelea kupiga, lakini huna alama.

Sasa angalia kilichofanya kiwanda kirudi. Si kwamba watu walichoka. Ni sheria zilibadilika tena. Mwaka 1990, Smith & Wesson na Winchester wakatoa .40, na hiyo ingeweza kufika Meja moja kwa moja kutoka kwa boksi. Kisha, kuanzia karibu mwaka 2000, likaja kundi la bastola za kawaida za dukani, ambapo kila mtu anahesabiwa Maina hata akija na mzinga. Ghafla ile 9mm ya 132 ilikuwa inatosha kabisa. Leo kampuni kama Federal zinauza risasi zilizotengenezwa mahsusi kwa mashindano haya. Wanaojijazia bado wapo, na bado wananoa kila futi ya kasi, lakini faida yao kwenye kundi hilo imepungua sana.

Na kuna walengaji ambao hawajawahi kuwa na ugomvi huu. Bastola ya mita 25 ya Olimpiki hutumia .22, na hiyo haijazwi upya kwa kawaida, kwa sababu fataki imefichwa ndani ya ukingo wa ganda. Wao ni kiwanda tu. Lakini hawanunui kipofu. Walengaji makini wa .22 huenda hadi Eley kule Birmingham, wakiwa na silaha zao, wajaribu mafungu tofauti na kununua lile linalopatana na mtutu wao. Yaani hata ndani ya kiwanda, kuchagua ni ujuzi.

Sasa turudi kwa ile kufuli ya 1890.

Desemba 2012 kulitokea mauaji ya watoto shuleni Sandy Hook, Marekani. Watu wakaogopa sheria mpya, wakafagia maduka, na 2013 risasi zikawa shida kupata. Mwaka 2020 ikaja Korona, na safari hii kilichowabana hasa wa kujijazia kilikuwa kitu kimoja: fataki. Ganda unaokota. Kichwa unaweza kumimina mwenyewe kwa madini ya risasi. Lakini fataki ni kemikali ya kulipuka, inatoka kwa viwanda vichache, na viwanda hivyo ndivyo vinavyotengeneza risasi kamili za kuuza. Wakibanwa, unadhani wanahudumia nani kwanza? Watu walikuwa na mashine za bei, maganda ndoo nzima, na hawawezi kupiga hata moja.

Hapo ndipo ninaposimama. Ukiniuliza uchague nini, nitakuuliza unacheza chini ya sheria gani. Kama kundi lako ni Maina, nunua ya kiwanda, jaribu mafungu mawili matatu kwa bastola yako, muda wa gereji utumie kufanya mazoezi. Kama unafukuza Meja na mchezo ndio maisha yako, kujijazia kuna maana, bora ujue unachofanya. Hapa Kenya hata hutaanzia kwa mashine. Utaanzia kwa Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na bodi ya leseni. Hilo ndilo swali la kwanza, hakuna njia ya mkato.

Lakini msitudanganye kwamba fundi wa gereji alitoroka kiwanda. Alipata nafasi ya kuchagua kipimo ndani ya mstari uliochorwa na wengine, na fataki bado aliinunua. Hiyo nafasi ni kubwa, siidharau, imetoa mabingwa. Ila si sawa na kujitegemea.

Sisi kizazi cha "jiajiri, jifunze mwenyewe, usitegemee mtu" tunauziwa mashine ya mezani kila siku. Kamera, laptopu, duka la mtandaoni, pikipiki ya mkopo. Kabla hujatupia mtu matusi kwamba ni mvivu kwa sababu anategemea kiwanda, hebu kagua yako kwanza. Ni kipande gani huwezi kutengeneza, na anayekitengeneza akifunga duka kesho, wewe utapiga nini?