Kimbunga Kikitangazwa: Namna ya Kuandaa Nyumba na Familia Kabla Upepo Haujafika

Mei 2024 wakazi wa pwani ya Tanzania walipata jina la kukumbuka: Hidaya. Kimbunga hicho kilifika Kisiwa cha Mafia Mei 4, na mvua zake zikaikata barabara kuu ya kusini eneo la Somanga, wilayani Kilwa. Magari yakakwama pande zote mbili.

Kwa wengi ilikuwa mara ya kwanza kusikia neno "kimbunga" likihusu nyumba zao wenyewe. Lakini jambo lenyewe si geni. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikaangusha mikarafuu na kuvunja vyombo bandarini. Aprili 1952 kingine kikaipiga Lindi. Aprili 2019 Kenneth kilipita jirani na Mtwara na kutua Cabo Delgado, Msumbiji.

Uzuri ni kwamba kimbunga si kama tetemeko la ardhi. Wataalamu wa hali ya hewa hukiona kikiwa bado mbali baharini, siku kadhaa kabla. Siku hizo ndizo za kufanya kazi. Upepo ukishaanza, mengi hayawezekani tena.

Kwanza jua kinachoua

Watu wengi huogopa upepo. Kweli, katika Bahari ya Hindi kusini-magharibi dhoruba huitwa kimbunga upepo wake ukifika kasi ya kilomita 118 kwa saa. Hiyo inatosha kung'oa bati na kuangusha mnazi.

Lakini maji huua watu wengi sana. Mwaka 2023 Kimbunga Freddy kiliikumba Malawi, nchi isiyo na bahari kabisa. Zaidi ya watu 1,000 walikufa au kupotea, wengi wao kwa mafuriko na maporomoko ya udongo. Kwa hiyo swali la kwanza si "paa langu ni imara?" bali "maji yakija, yatapita wapi?"

Anayeishi bondeni, kando ya mto, chini ya mlima ulioliwa na mvua au hatua chache kutoka ufukweni, maandalizi yake makubwa ni kuhama mapema. Hata nyumba nzuri ya tofali haimsaidii kama ipo kwenye njia ya maji.

Kuelewa tangazo

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutumia viwango vitatu vya onyo:

- Njano ni angalizo: fuatilia taarifa na anza kujiandaa.
- Rangi ya chungwa ni tahadhari: chukua hatua.
- Nyekundu ni tahadhari kubwa: hatari ni ya kweli, usisubiri.

Njia ya kimbunga hubadilika, hivyo tangazo la jana asubuhi linaweza kuwa limepitwa na wakati. Sikiliza redio au angalia kurasa rasmi. Sauti zinazosambazwa kwenye magrupu ya WhatsApp, "nimeambiwa na mtu wa ndani", zisikuhamishe wala zisikubakishe nyumbani.

Siku mbili au tatu kabla

Hapa ndipo kazi nzito inafanyika, jua likiwa bado linawaka.

Paa: panda ukague. Misumari iliyolegea igongwe, bati lililoinuka libanwe. Kenchi zifungwe kwenye ukuta kwa waya wa kufungia nondo, hasa kwenye pembe na kingo, kwa sababu upepo huanza kuinua bati kutoka pembeni. Mawe na matairi yaliyowekwa juu ya bati kulizuia lisiruke yashushwe. Upepo mkali ukiyapata, yanaangukia watu.

Uwanja: angua nazi na makuti makavu. Kata matawi yaliyoelekea nyumba. Ingiza ndani ndoo, viti vya plastiki, vipande vya bati na mbao. Zibua mitaro, maana uchafu kidogo tu unaweza kugeuza maji yakaingia sebuleni.

Maji ya kunywa: kadiria lita 4 kwa mtu mmoja kwa siku. Familia ya watu sita kwa siku tatu ni lita 72, yaani madumu manne ya lita 20 yanatosha. Jaza na mapipa kwa ajili ya kuosha na choo. Funika kisima.

Chakula: kisichohitaji kupikwa sana. Karanga, tende, mihogo mikavu, mikate, biskuti, samaki wa kopo. Unga na mchele viwe kwenye chombo chenye mfuniko, juu, si sakafuni.

Dawa: mwenye presha, kisukari au anayetumia ARV awe na dawa za wiki mbili, maana barabara ikikatika duka la dawa nalo halipati mzigo. Mama mjamzito aliyekaribia kujifungua asogee kwa ndugu walio karibu na hospitali kabla ya mvua.

Pesa na mawasiliano: umeme ukikatika, mtandao wa simu nao unaweza kuzima. Pesa iliyo kwenye simu inakuwa picha tu. Toa kidogo, weka noti ndogo ndogo. Chaji simu zote na pawabenki. Tafuta tochi na redio ya betri.

Nyaraka: kitambulisho cha NIDA, vyeti vya kuzaliwa na vya shule, kadi za kliniki, hati ya kiwanja na kadi ya bima. Funga kwenye mifuko miwili ya plastiki, kisha weka kwenye begi moja ambalo kila mkubwa nyumbani anajua lilipo.

Wavuvi: vyombo vivutwe juu kabisa, mbali na alama ya maji makuu, na mashine zifunguliwe zihifadhiwe. Kutoka "mara moja tu" kuwahi nyavu bahari ikiwa imeshachafuka kumegharimu maisha ya wengi.

Kikao cha familia

Hiki huachwa mara nyingi, na ndicho kinacholeta msiba. Familia ikae iamue mambo manne:

1. Tukihama tunakwenda wapi? Shule, msikiti, kanisa au nyumba ya ndugu, mradi jengo liwe imara na mahali pawe pa mwinuko.
2. Tunaondoka lini? Mchana, kabla mvua haijazidi.
3. Nani anambeba nani? Bibi asiyeweza kutembea, mtoto mchanga na mwenye ulemavu, kila mmoja awe na mtu wake.
4. Tukipotezana na simu hazishiki, tunakutana wapi?

Mara nyingi hapo baba au babu husema, "Nyie nendeni, mimi nabaki kulinda nyumba." Hofu ya wezi ni ya kweli, haifai kuchekwa. Lakini mtu mmoja gizani, kwenye maji, halindi kitu. Vitu vya thamani vinavyobebeka vibebwe, vingine vipandishwe juu, mlango ufungwe, na mjumbe wa mtaa aambiwe nyumba haina mtu. Nyumba zinazohama pamoja zinaweza kuomba ulinzi wa pamoja kupitia serikali ya mtaa. Asibaki mtu.

Mbuzi na ng'ombe wapelekwe mwinuko. Ikishindikana, wafunguliwe kamba. Mnyama aliyefungwa hana namna ya kujiokoa maji yakipanda.

Upepo ukishaanza

Anayebaki kwenye nyumba imara na mahali salama azime umeme kwenye meni swichi na kuchomoa vifaa. Mitungi ya gesi ifungwe.

Kaeni chumba cha ndani chenye madirisha machache. Madirisha yabaki yamefungwa. Wapo wanaosema yafunguliwe "ili upepo upite". Si kweli, upepo ukiingia ndani husukuma paa kwa chini. Kubandika gundi ya karatasi kwenye kioo nako hakuzuii kuvunjika. Ubao ndio unaosaidia.

Jiko la mkaa lisiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa, wala jenereta. Moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoua watu usingizini.

Upepo ukinyamaza ghafla, msitoke mbio. Huenda ni jicho la kimbunga linapita. Baada yake upepo hurudi kutoka upande wa pili, ukiwa na nguvu ileile.

Kikishapita

Usivuke maji yanayokimbia. Sentimita 15 tu zinaweza kumwangusha mtu mzima, na sentimita 60 hubeba magari mengi. Bodaboda anayesema "tutapita tu" haoni kama barabara chini ya maji bado ipo.

Waya wa umeme ulioanguka usiguswe wala usisogelewe. Toa taarifa TANESCO. Angalia nyoka kabla ya kuingiza mkono kwenye vitu vilivyolowa.

Maji ya kisima kilichofunikwa na mafuriko yasinywewe hivi hivi, kwani vyoo vimefurika na kipindupindu hufuata. Chemsha mpaka yatokote vizuri au tumia dawa ya kutibu maji. Anayeharisha sana apewe ORS na awahishwe kituo cha afya.

Namba za dharura Tanzania ni 112 kwa Polisi na 114 kwa Zimamoto na Uokoaji. Ziandike kwenye karatasi pamoja na namba za ndugu wawili, na kila mtoto awe na nakala mfukoni. Simu ikizima chaji, karatasi bado inasomeka.